Nilivyolihamishia Tundu la Ozoni Mpimbwe

Kabla yangu, tundu la ozoni lilikuwa mahali pake, kule mwisho wa dunia upande wa kusini, juu ya barafu ambako hakuna mtu wala mpunga. Mimi ndiye niliyelihamisha. Nililitoa kwenye daftari la jiografia la shule ya jioni, nikapanda nalo basi pale stendi ya Mpanda, na kabla jua halijafika utosini nilikuwa nimeshalitundika juu ya majaruba ya mpunga ya dada yangu huko Mpimbwe. Sikutumia ngazi. Nilitumia mdomo tu.

Kazi yangu ni ufundi wa friji. Nina kibanda Kashaulili, karibu na soko, na friji zilizopita mikononi mwangu ukizipanga mstari mmoja zitatoka Mpanda hadi Inyonga, na nyingine zitabaki za kujengea uzio. Darasa la saba nilimaliza vizuri, lakini sekondari ilinipita hivihivi, nikaja kuipata nikiwa na ndevu. Kwa miaka kadhaa nilifunga kibanda saa kumi na moja jioni, nikanawa grisi, nikaenda kukaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea na nikafaulu. Kwa kiwango gani, tusiulizane. Niseme tu kwamba siku matokeo yalipotoka, mtaa wetu mzima wa Majengo haukupika. Walikuja kula kwangu.

Somo lililonishika kuliko yote lilikuwa lile la ozoni. Mwalimu alichora dunia ubaoni, akaizungushia mstari wa chaki, akasema huko juu kabisa kuna tabaka la hewa linalochuja mionzi mikali ya jua, inayoitwa urujuanimno, kabla haijatufikia. Tabaka hilo likichakaa, watu wanapata saratani ya ngozi, macho yanaota mtoto wa jicho, mimea inadumaa, mayai ya vyura yanaharibika, na vijimea vidogo sana vya baharini ambavyo samaki wote wanavitegemea vinakufa. Halafu akasema kilicholichakaza ni gesi za viwandani, zikiwemo zile za friji za zamani. Darasa zima likageuka kunitazama mimi.

Ni kweli nilikuwa nimemwaga gesi hiyo hewani miaka yote. Mafundi wote tulifanya hivyo. Friji kuukuu ikiletwa unakata bomba, gesi inatoka fyuuu, unangoja inyamaze, unaendelea na kazi. Hakuna aliyetuambia kuna kitu kingine cha kufanya nayo. Lakini jioni ile, badala ya kuona aibu, nilijiona mtu mkubwa mno. Fundi wa Kashaulili anayeweza kutoboa mbingu kwa koleo, wako wangapi?

Mwalimu alieleza pia, na mimi niliandika kwa mkono wangu, kwamba tundu lenyewe liko huko kusini kabisa, na kwamba kwetu huku karibu na ikweta tabaka halijapungua sana. Jua letu ni kali kwa asili yake, kwa sababu linatupiga kutoka juu moja kwa moja, na lilikuwa kali hata kabla friji haijabuniwa. Ukurasa huo sikuusoma mara ya pili. Haukuwa na utamu.

Sasa nimweleze dada. Amenizidi miaka sita, na kati yetu watoto wote wa mama ni yeye peke yake aliyezaliwa na ualbino. Aliolewa Mpimbwe na analima mpunga hukohuko. Kanisani anaimba sauti ya kwanza, na akipandisha wimbo unaweza kuusikia ukiwa Mpanda, madirisha yakiwa yamefungwa. Mdomo wangu huu mnaousoma nimejifunza kwake.

Yumo katika kikundi cha watu kumi na wawili wanaolimiana kwa zamu. Leo wote wako kwa huyu, kesho wote kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Sheria yao ni moja na haina huruma: anayetoka shambani kabla ya wenzake anapoteza zamu yake. Dada peke yake ndiye alikuwa na ruhusa. Kila siku saa tano, jua likianza kuuma, alitoka majarubani akaenda kupikia kikundi chini ya kibanda cha nyasi, akarudi kazini saa kumi. Ruhusa hiyo aliitoa mama mwenyekiti, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hapokei udhuru hata wa kuumwa jino.

Msimu mmoja wa kupandikiza, nikiwa na cheti changu kibichi kabisa, nilikwenda kuwasalimia. Nikawakuta wanakula. Watu kumi na wawili wamekaa chini, midomo imejaa, miguu imechoka, hawawezi kukimbia. Msomi mpya hapati hadhira kama hiyo mara mbili.

"Shemeji," akasema mume wa dada, "tunasikia umemaliza shule. Tugawie kidogo, au huko mjini mnasomea tumboni?"

Nikasimama. Nikawaambia kwamba juu yetu kuna tundu.

"Ukubwa wake?" aliuliza mmoja wao, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake akaishia kupenda mpunga. Wote tunamwita ngosha.

"Kutoka hapa mpaka Ziwa Tanganyika," nikasema. Nikaona nyuso zao, nikaongeza, "Mpaka ng'ambo."

"Na liko wapi hasa?"

Nikanyoosha kidole juu, wima. "Hapo."

Watu kumi na wawili wakatazama juu. Ngosha akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo linamchoma nani?" aliuliza mama mwenyekiti.

"Wote, mama. Mionzi ile haichagui. Zamani ngozi nyeusi ilikuwa inatusaidia, kabla ya tundu. Siku hizi sote tunaungua sawasawa."

Hayo ya mwisho hayamo kwenye daftari lolote duniani. Niliyatunga palepale kwa sababu hotuba ilikuwa inadai mwisho mzuri. Dada alikuwa anagawa mboga. Alisimama na upawa mkononi.

"Sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, dada."

Akacheka, nami nikadhani ananisifu. Nilirudi mjini nimevimba kichwa, karibu kofia ikatae kuingia.

Miezi mitano ikapita. Mpunga ulipoanza kuiva dada alikuja kwangu Majengo na mchele kidogo wa mavuno ya kwanza. Alikuwa amejifunga kitambaa kilichoziba sikio la kushoto.

"Sikio limekuwaje?"

"Inzi."

"Inzi gani huyo anayeng'ata akaacha bandeji?"

"We mtoto, nimekuletea mchele, sikukuletea sikio."

Lakini alipoinama kuvua viatu kitambaa kiliteleza, nikaona. Ukingo wa juu wa sikio ulikuwa na kidonda, ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake zimeinuka, katikati pabichi. Alikuwa anakipaka asali. Asali ya Inyonga ni nzuri, naisifu kila mahali, lakini kidonda kile kilikuwa kinaila na kuomba nyingine.

"Kina muda gani?"

"Tangu kupalilia."

"Na saa tano si unatoka juani?"

"Sitoki tena," akasema. "Tangu ulipokuja."

Akanisimulia huku akichambua mchele, bila kuinua macho. Kesho yake baada ya hotuba yangu, mama mwenyekiti aliwaambia kwamba kwa kuwa sote tunaungua sawasawa, hakuna sababu ya mmoja kukaa kivulini. Tangu siku hiyo wakawa wanapika kwa zamu, na dada akawa anashinda majarubani mchana kutwa, jua juu, maji chini yakilirudisha jua hilohilo usoni. Kofia pana anayo, lakini ukiinama kupandikiza kofia inaangalia tope na masikio yanaangalia mbingu.

"Na wewe hukukataa?"

"Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

"Kwa nini, dada?"

Akaacha kuchambua. "Unajua nimepika chakula cha kikundi misimu mingapi? Wenzangu wanaimba kule, wanasengenyana, wanacheka, mimi nasikia kwa mbali nakoroga ugali. Nikifika saa kumi utani umeshaisha, nacheka kwa kuhadithiwa. Ukaja wewe na tundu lako ukasema tuko sawa. Nilitaka iwe kweli."

Mimi ni mtu wa maneno. Safari hii niliokota viatu vyake nikamwekea mlangoni.

Siku hiyohiyo nilimpeleka kwa daktari. Akakitazama kidonda kwa tochi, akamtazama na mikono, akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa yenye madaktari wa ngozi, safari ndefu ya basi. "Hiki kisingojewe," alisema. "Kikikatwa mapema, mama utapona. Ukikiacha kitaingia ndani na hakitarudi nyuma."

Tulipotoka nje dada akaikunja barua mara nne, akaiingiza kwenye kimfuko chake cha rozari.

"Nitakwenda baada ya mavuno."

"Dada, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Na wewe sikia. Zamu yangu ya kuvuna ni baada ya watu saba. Nikiondoka sasa nimeipoteza. Mpunga ukikauka unapukutika, na ndege wa kule unawajua. Halafu nitawaambiaje? Kwamba jua limeniumiza mimi? Jua si linatuchoma wote? Wao nao waondoke basi."

Hapo ndipo nilipoliona tundu langu, na kweli lilikuwa kubwa kutoka hapa mpaka ziwani.

"Dada, nilitia chumvi."

"Kiasi gani?"

"Gunia."

Akanitazama. Nikaendelea kabla sijaogopa. "Magunia. Chumvi yote ya machimbo ya Uvinza. Tundu halipo juu yetu. Liko mwisho wa dunia. Jua linalokuchoma ni hilihili la siku zote, na linakuchoma wewe kuliko wao. Hatujawahi kuungua sawa."

Akatangulia mbele, tukavuka barabara, tukapita maduka, tukafika kona ya kwangu. Mlangoni akasema, "Basi ukaseme mwenyewe. Ulikosemea."

Kesho yake tukapanda basi wote wawili. Tukawakuta kwenye shamba la ngosha, wanakula. Nikatamani angalau mara moja watu hawa wawe wameshiba na kuondoka.

"Profesa amerudi," akasema ngosha. "Tundu limefika wapi?"

"Limerudi kwao," nikasema. "Wala halikuwahi kuja."

Wakacheka, wakidhani ndiyo mwanzo wa hotuba nyingine. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama palepale. Kwamba niliwadanganya kuhusu mahali pa tundu na kuhusu kuungua sawa, na chumvi niliyotia ingetosha kukausha samaki wote wa Tanganyika. Kwamba nchi za dunia zilishakubaliana kuacha zile gesi na tabaka linajiponya taratibu, kwa hiyo tusikae tukilaumu mbingu. Kwamba jua la kwetu ni kali lenyewe. Ngozi nyeusi imezaliwa na mwavuli wake ndani, si mwavuli kamili lakini upo. Macho hayana mwavuli, ya mtu yeyote. Na ngozi ya dada haikuzaliwa na mwavuli hata nusu.

"Kwa hiyo nawaomba," nikasema, "mumwachie aende hospitali, na zamu yake ibaki."

Dada alikuwa anatazama mikono yake. Hakuna maneno niliyowahi kuyasema yaliyokuwa ya kweli kama yale, na hakuna yaliyoniuma hivyo, maana mbele ya watu nilikuwa namtoa kwenye usawa uleule niliomwingiza.

Mama mwenyekiti akaweka sahani chini. "Yaani mimi nilimtoa huyu kivulini kwa maneno yako."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuamini kwa sababu ulikuwa na kalamu mfukoni."

"Kalamu ilikuwa haina wino, mama."

Hakucheka. Ngosha ndiye aliyeniokoa, sijui kwa kupenda au kwa kutaka kusikika. "Nyie, hata kiboko wa Mto Katuma, na ngozi yake ile kama ukuta, mchana anajificha kwenye tope. Hatoki kula mpaka jua lizame. Sisi ndiyo tunajifanya wagumu kuliko kiboko?"

"Na ule utelezi mwekundu unaomtoka mwilini ni dawa yake ya jua," nikadakia. "Anatoa mwenyewe, anajipaka mwenyewe."

Wakatazamana.

"Hiyo nayo ya Uvinza?" aliuliza ngosha.

"Hiyo ni ya kweli."

"Apa."

Nikaapa. Mpaka leo nusu yao hawaamini, na ndilo jambo sahihi kuliko yote niliyowahi kuwafundisha.

Mama mwenyekiti akatoa hukumu bila kuinuka. Dada ataondoka kesho na mumewe. Zamu yake itatangulizwa, wavune shamba lake kabla ndege hawajaliona. "Na nafasi yake majarubani," akasema, akinielekezea kijiko, "utaishika wewe. Mpaka arudi."

Nilivuna siku kumi na moja. Naweza kusema nilivuna heka mia, lakini kwa heshima ya hadithi hii niseme nilivuna mstari wangu na mara nyingi sikuumaliza. Kila saa saba mchana, shingo ikiwaka, nilijaribu kufikiria jua lile likitua kwenye ngozi isiyo na kitu, miezi yote ile, kwa ajili ya sentensi yangu moja nzuri. Waliimba, nami nikaimba nao, na nikaelewa kwa nini dada alinyoosha mkono.

Siku ya sita shemeji alipiga simu. Wamekata sehemu ya juu ya sikio, kipande kimepelekwa kupimwa. Daktari amesema kidonda hakikuanza mwaka huu. Kilianza kujengwa tangu dada akiwa mtoto mgongoni, na kila jua la mchana liliongeza tofali lake. Nikauliza hata la msimu huu? Shemeji akasema hata la msimu huu.

Kungoja majibu ya kipimo kulinikondesha mpaka mkanda ukazunguka mara mbili. Dada hakuwa anapenda kuongea simuni, lakini siku moja aliichukua.

"Nisamehe, dada."

"Umeshavuna kwa ngosha?"

"Tumemaliza. Dada, nisamehe kwa sikio."

"Wala usilie. Kukusikiliza wewe, moja linatosha."

Majibu yalikuja wakati nimesharudi kibandani. Ilikuwa saratani, na walikuwa wameitoa yote. Atakuwa anarudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, maisha yake yote. Nilifunga kibanda mchana kweupe nikaenda kuwaambia watu ambao hawakuniuliza. Siku hizi friji ya zamani ikija simwagi gesi. Naivuta na kuifungia kwenye mtungi. Mafundi wenzangu wananiita mfugaji wa hewa, nami nawaambia kundi langu ni kubwa kuliko la ngosha.

Ulipofika tena msimu wa kupandikiza, mama mwenyekiti alimrudishia dada ruhusa yake mbele ya wote. Saa tano atoke, apike, arudi saa kumi. Dada akasema hapana.

"Juani sikai," alisema. "Lakini kupika sipiki. Nimepika vya kutosha."

Wakabishana, nasikia, mpaka miche ikaanza kunyauka. Wengine walisema basi akae tu kivulini peke yake. Dada akasema peke yake ndiko alikotoka. Mwisho mama mwenyekiti, ambaye hapokei udhuru, akabadilisha saa za kikundi kizima. Wanaingia majarubani kabla jua halijachomoza, saa tano wanatoka wote, wanapika na kula na kusengenyana kivulini, saa kumi wanarudi mpaka giza likaribie. Ngosha alilalamika kwamba ng'ombe wake hawajui saa. Akaambiwa mbona kiboko anaijua.

Nilikwenda kuwaona mwezi uliopita, nikiwa sina kalamu mfukoni. Nilifika saa tano imepita kidogo. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshanawa miguu, wamekaa kibandani wakimsubiri mmoja aliyebaki ameinama kule majini, kofia mpya yenye pazia la nyuma ikimfunika mpaka mabegani.

"Namalizia mstari huu," akasema dada.

"Mstari huo utaukuta," mama mwenyekiti akamjibu, kwa sauti ileile anayomkaripia nayo ngosha. "Toka. Kila siku wewe, unatuchelewesha kula."

Dada akatoka akiguna, akanawa miguu, akajipenyeza katikati yao. Mtu akaanza kusimulia jambo la kuchekesha kuhusu fundi mmoja wa friji, nami nikaona dada akicheka kabla halijafika mwisho, maana alikuwepo lilipoanza.